Mtoto haoni jioni, mama ulimi unawaka: vitamini gani imeisha hapa?

Mama mmoja wa Bombo, hapa Uganda, ameniandikia hivi: "Asalaam aleikum daktari. Mtoto wangu ana miaka 3, tangu mwezi uliopita jua likizama anaanza kugonga viti na kupapasa ukuta, mchana yuko sawa kabisa anakimbia na wenzake. Mimi mwenyewe nachoka sana, pembe za mdomo zimepasuka, ulimi unaniwaka, na miguu saa zingine inaingia ganzi. Chakula chetu ni posho (ugali wa mahindi) na maharage, asubuhi chai kavu na mandazi, nyama labda sikukuu. Jirani anasema ni vitamini zimeisha, ninunue sirapu ya elfu hamsini tunywe wote wawili. Naomba unieleze hizi vitamini zinafanya nini mwilini na nitajuaje ipi imepungua. Halafu nataka mimba nyingine mwaka huu, kuna shida?"

Waaleikum salaam dada yangu. Naanza na mtoto kwa sababu yeye hawezi kusubiri mimi nimalize maelezo. Huyo mtoto mpeleke kituo cha afya kesho asubuhi, usingoje wiki iishe, usingoje sirapu. Ukifika usiseme tu "macho yanamsumbua", sema hivyo hivyo ulivyoniandikia mimi, kwamba mchana anaona na jioni haoni. Hayo maneno muuguzi akiyasikia anajua moja kwa moja aangalie nini. Dalili kama hiyo kwa mtoto wa umri huo jambo la kwanza tunalofikiria ni vitamini A, na dawa yake iko kwenye vituo vya serikali bila malipo: kapsuli moja siku ya kwanza, nyingine kesho yake, ya tatu baada ya wiki mbili. Kama ni vitamini A kweli utashangaa, maana siku moja au mbili tu baada ya ile ya kwanza watoto wengi wanaanza kutembea jioni bila kushika ukuta. Akikaa siku kadhaa na hakuna mabadiliko basi kuna kitu kingine, arudi aonwe na watu wa macho.

Sasa kwa nini jioni na sio mchana? Nyuma ya jicho kuna utando unaopokea mwanga, na zile seli za kuona kwenye giza giza zinatumia kitu kinaitwa rodopsini ambacho mwili unakitengeneza kwa protini na vitamini A. Mwanga ukikigonga kinavunjika, ndo unaona, halafu mwili unakiunda tena. Kila mara kwenye kukiunda upya vitamini A kidogo inapotea, sasa kama akiba imekwisha kinavunjika na hakiundwi tena. Mchana kuna mwanga mwingi na seli zingine zinasaidia kwa hiyo humgundui, lakini magharibi ikiingia mtoto anakuwa kama kuku, anatafuta pa kukaa anatulia hapo hapo, na mama anafikiri ana usingizi. Mimi nikikaa na mama kliniki swali langu siku zote ni hilo, jioni kabla taa haijawashwa mtoto anafanya nini? Anacheza au amekaa sehemu moja?

Ukimwacha hivyo inaendelea. Weupe wa jicho unakauka, unapoteza ule ung'aavu, unaona vidoa vya rangi ya povu la sabuni pembeni ya kile cheusi, na mwisho kioo cha mbele cha jicho kinalainika na kutoboka, hapo upofu hautibiki tena. Na sio macho tu, vitamini A ndo inalinda ngozi ya ndani, ile ya koo, mapafu na utumbo, ndo maana mtoto aliyepungukiwa akipata surua au kuhara anaumwa vibaya kuliko mwenzake, na ndo maana mtoto mwenye surua hospitali wanampa vitamini A hata kama macho yake ni mazima.

Nikuulize pia, zile siku za afya ya mtoto za mwezi wa nne na mwezi wa kumi, VHT, wale wahudumu wa afya wa kijiji, wanapopita na kapsuli na dawa ya minyoo, huyu alipata? Kapsuli ya bluu ni ya miezi 6 mpaka 11, ina yuniti 100,000, ya nyekundu ni ya mwaka mmoja mpaka karibu miaka mitano, ina 200,000. Inatolewa kila miezi sita kwa sababu vitamini A inawekwa akiba kwenye ini na akiba hiyo inakaa miezi, kwa hiyo ukikosa awamu mbili mfululizo na chakula nyumbani ni posho na maharage tu, ghala linabaki tupu. Sikulaumu dada, kuna wakati mtu amesafiri, kuna wakati tangazo halikufika, lakini chukua kitabu cha mtoto uangalie wameandika nini.

Haya, sasa swali lako kubwa, vitamini zinafanya nini.

Watu wengi wanaamini vitamini zinatia nguvu. Hapana. Nguvu inatoka kwenye posho, matoke, viazi, mafuta, maharage. Fikiria boda boda, petroli ni posho, vitamini B ni plagi. Tangi unaweza ukajaza mpaka juu lakini plagi ikifa pikipiki haiwaki, na ukiongeza petroli hujasaidia kitu. Na pia ukiweka plagi kumi kwenye pikipiki moja haikimbii zaidi! Ndo maana mtu anayekula vizuri akimeza vidonge vya vitamini B kila siku anachopata ni mkojo wa njano kali, ile ni vitamini B2 iliyozidi mwili unaitoa. Ziko 13 zote, A, C, D, E, K na B nane, na kila moja ina kazi yake, haiwezi kufanya kazi ya mwenzake. A, D, E na K zinayeyuka kwenye mafuta na zinawekwa akiba, C na B zote zinayeyuka kwenye maji, na karibu zote zinatoka haraka, kwa hiyo hizo zinatakiwa kuingia mara kwa mara. B12 peke yake ndo inavunja hiyo kanuni, ini linaiweka hata miaka kadhaa, na hiyo ndo hatari yake kwa sababu inapoisha mtu hakumbuki tena alianza lini kuikosa.

Jinsi watu walivyogundua mambo haya kuna kisa nakipenda. Mwisho wa miaka ya 1800 kulikuwa na daktari Mholanzi, Christiaan Eijkman, kule kisiwa cha Java, anatafuta kijidudu cha beriberi, ugonjwa wa miguu kulegea na moyo kushindwa. Kuku wake wakaanza kulegea miguu vile vile. Kumbe walikuwa wanalishwa wali mweupe uliobaki jikoni kwa hospitali ya jeshi, halafu akaja mpishi mwingine akakataa kutoa wali wa wanajeshi kwa kuku, wakarudishiwa mchele usiokobolewa, wakapona. Kilichokuwa kinakosekana kilikuwa kwenye lile ganda linalotupwa kinuni, leo tunakiita vitamini B1. Mwaka 1929 akapewa tuzo ya Nobel.

Nakwambia hivi kwa sababu posho ya namba wani tunayoipenda Uganda, ile nyeupe pe, imepita njia hiyo hiyo. Mahindi yanakobolewa ganda na kile kiini chake vinatoka, na sehemu kubwa ya vitamini B inatoka navyo. Kama kiwanda hakikurudishia vitamini unakula wanga tu. Kwa hiyo ukinunua unga angalia paketi kama imeandikwa umeongezewa vitamini, na mafuta ya kupikia pia angalia kama yameongezewa vitamini A. Kama unasaga mwenyewe, saga bila kukoboa.

Mahindi yana tatizo lingine, na hili naomba ulisome polepole. Vitamini B3, niasini, imo kwenye mahindi lakini imefungwa, tumbo haliwezi kuifungua. Watu wa Meksiko tangu zamani wanachemsha mahindi na chokaa au majivu kabla ya kusaga na hiyo inaifungua, sisi mahindi yalipotufikia huo ujuzi haukuja nayo. Mtu akiishi kwa mahindi peke yake muda mrefu anapata pelagra, ngozi inayopigwa na jua inakuwa nyeusi na kupasuka, shingoni kama amevaa mkufu, anaharisha, halafu akili inaanza kuchanganyikiwa. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi, zaidi ya watu 18,000 waliugua pelagra baada ya njugu kukatika kwenye mgao wao. Njugu tu! Mahindi yalikuwepo, watu walikuwa wanashiba, lakini ile sehemu ndogo ya sahani ndo ilikuwa inawabeba. Kwa hiyo hayo maharage yako na posho usiyadharau, yanakulinda, na mchuzi wa njugu mara mbili kwa wiki unakulinda zaidi. Kuna pia dawa ya TB, isoniazidi, inayokula vitamini B6 ya mwili, na mtu anayeitumia anatakiwa apewe pairidoksini, ndo hiyo B6 yenyewe, pamoja nayo, miguu ikianza kuchoma au kufa ganzi arudi kliniki aseme. Kama wewe unatumia dawa hiyo usinifiche, waambie.

Nije kwako sasa. Pembe za mdomo kupasuka na ulimi kuwaka ni dalili za familia ya B, hasa B2, B6, foleti (ndo B9) na B12, lakini pia madini ya chuma yakipungua yanafanya hivyo hivyo, na fangasi ya mdomoni nayo inapasua pembe za mdomo. Uchovu unaweza kuwa upungufu wa damu. Ganzi ya miguu ndo inanifanya niulize zaidi, maana B12 ndo inasaidia kutunza ule utando unaozunguka neva, kama plastiki ya waya wa umeme, ikikosekana utando unaharibika na ujumbe haufiki vizuri. Na B12 haipo kwenye posho, haipo kwenye maharage, haipo kwenye dodo (mchicha) wala matoke. Iko kwenye vitu vya wanyama tu: samaki, maziwa, mayai, nyama, maini. Wewe umesema chai kavu na nyama ya sikukuu. Unaona inapoelekea? Ila ganzi inaletwa na mambo mengi, sukari ya damu ikiwemo, na kuna watu wa kisukari wanaotumia metformini miaka mingi, hiyo dawa nayo inapunguza B12. Kwa hiyo mimi hapa siwezi kukuambia ni hii, nitakuwa nakudanganya.

Kinachotofautisha ni kipimo. Omba kipimo cha picha ya damu, sio kile cha kuangalia rangi ya macho tu. Picha ya damu inaonyesha kiasi cha damu na pia ukubwa wa seli nyekundu. Chuma ikipungua seli zinatoka ndogo, foleti au B12 zikipungua seli zinatoka kubwa kupita kiasi kwa sababu hizo mbili ndo zinahitajika seli ikitaka kugawanyika, sasa inakua inakua na haigawanyiki. Kuna waliopungukiwa zote pamoja na hapo kipimo kinachanganya kidogo, lakini mtaalamu atajua pa kuendelea. Omba na malaria, na choo waangalie safura, wale minyoo wananyonya damu utumboni na hapa kwetu wengi. Upungufu wa damu Uganda ni jambo kubwa jamani, utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2016 ulikuta watoto 53 kwa kila 100 wa miezi 6 mpaka 59 wana damu pungufu, na wanawake 32 kwa kila 100. Hauko peke yako hata kidogo.

Na jambo moja watu wanakosea sana, usijinunulie foliki, yaani foleti ya vidonge, peke yake famasi ukameza miezi na miezi kwa sababu una uchovu. Foliki ikiwa nyingi inaweza kurekebisha damu ionekane nzuri wakati B12 bado haipo, na neva zinaendelea kuharibika kimya kimya. Ganzi ipimwe kwanza.

Ile sirapu ya jirani. Kabla hata ya bei, soma lebo. Nyingi zinazouzwa za "kuongeza hamu ya kula" ndani yake mna saiproheptadini, hiyo sio vitamini, ni dawa ya mzio inayoleta njaa na usingizi. Unampa mtoto analala unafikiri anapumzika. Pia sirapu haina kiasi cha vitamini A kinachotosha kumtibu mtoto ambaye tayari haoni jioni, utapoteza wiki tatu za maana. Na kinyume chake, usiseme basi nami nimeze kapsuli nyekundu ya mtoto ibaki nyumbani, hapana kabisa, wewe unatafuta mimba na vitamini A ya dozi kubwa inaharibu mtoto tumboni. Hata maini, ukishashika mimba, usiyale kila siku.

Hiyo elfu hamsini mimi ningeipeleka sokoni. Ningeanza na mukene, wale dagaa wa ziwani. Watu wanaona ni chakula cha maskini au cha kuku, lakini yule samaki unamla mzima na kichwa na mifupa, unapata B12, kalsiamu, vitamini A kidogo na chuma. Muoshe mchanga utoke, mkaange kidogo, mtwange awe unga, weka kwenye kopo, kijiko kimoja kwenye mchuzi wa njugu wa mtoto kila siku na hatajua. Halafu viazi vitamu vya rangi ya machungwa ndani, Kabode au Vita, sio vile vyeupe, vyeupe havina kitu cha macho. Kiazi kimoja cha wastani kinatosha vitamini A ya mtoto ya siku nzima. Ni kazi ya hapa hapa nyumbani hiyo, Robert Mwanga, Mganda mwenzetu aliyetumia miaka mingi kuzalisha aina hizo, alipata tuzo ya chakula ya dunia mwaka 2016 pamoja na wenzake watatu. Omba mche kwa mtu, ukipanda nyuma ya nyumba unakula mpaka majani yake.

Na dodo. Najua unapika dodo, lakini niambie unapikaje, kwa sababu nimeingia jiko nyingi nikaona jambo moja: mama anakata dodo ndogo ndogo kwanza, anaziosha zikiwa zimekatwa, anaziloweka, anazichemsha kwenye maji mengi nusu saa, halafu anamwaga yale maji ya kijani. Foleti na vitamini C zimeenda na maji, zimemwagwa uani kuku wanakanyaga. Osha majani yakiwa mazima, kata ukiwa tayari kupika, weka kitunguu na nyanya, maji kidogo sana, funika, dakika chache tu. Ukiwa unapika matoke kwenye majani ya ndizi, funga dodo au mboga ya nakati uweke juu mwishoni matoke yakikaribia kuiva, usiyaweke tangu asubuhi. Na lazima kijiko cha mafuta au njugu, bila mafuta ile rangi inayogeuka kuwa vitamini A inapita tumboni na kutoka.

Chai kavu isiende pamoja na chakula. Majani ya chai yanashika chuma ya maharage na mboga isiingie mwilini, kunywa saa moja baadaye au zaidi. Badala yake kula pera au kamulia limao kwenye mboga, vitamini C inafungua hiyo chuma. Hiyo C pia ndo inasuka nyuzi zinazoshikilia fizi, mishipa na vidonda, lakini kwa nchi yenye maembe na mapapai kama yetu sina wasiwasi nawe hapo. Vitamini D mnapata juani, ila ukijifungua usimfungie mtoto ndani miezi kamefunikwa mpaka pua, mifupa inahitaji hilo jua. Na siku ya kujifungua uliza kama mtoto amechomwa sindano ya vitamini K, watoto wanazaliwa nayo kidogo sana na damu inaweza kuvuja ndani bila mtu kujua.

Kuhusu mimba, ndiyo, kuna la kufanya na la kufanya mapema. Uti wa mgongo wa mtoto unafungika ndani ya siku 28 tangu mimba itunge, wakati huo wanawake wengi hata hawajajua kama wana mimba. Foleti ikikosekana siku hizo uti unabaki wazi, mtoto anazaliwa na kidonda mgongoni au miguu haifanyi kazi. Kwa hiyo foliki inaanzwa angalau mwezi mmoja kabla, maikrogramu 400 kwa siku, na kuendelea mpaka miezi mitatu ya mimba, ukingoja kadi ya kliniki umechelewa. Sasa wewe una ile ganzi, kwa hiyo utaratibu wako uwe huu: wiki hii pima damu, wakijua B12 ikoje ndo waanze kukupa foliki na chuma kwa kipimo chako, na mimba isubiri kidogo mpaka damu ipande.

Kesho ukimpeleka mtoto wewe pia ingia chumba cha pili upime, safari ni moja na foleni ni moja. Beba kitabu chake cha chanjo. Halafu keshokutwa jioni, kabla hujawasha taa, mwekee mpira wake kando ya mlango na umwambie aende akauchukue, uniandikie alifanyaje.